Tangazo la Saba

Hapa Neiafu mtu hafi mpaka Kalolaine amtaje. Daktari anaweza kuandika cheti, mchungaji akaja na Biblia yake, hata jeneza likawa limekwisha kupigiliwa misumari. Lakini mpaka ifike saa moja ya jioni, wimbo wa kanisa ukatizwe, na ile sauti nzito ya Kalolaine iseme, "Tunasikitika kuwatangazia ndugu na jamaa popote mlipo," watu wa visiwani bado wanamhesabu marehemu kuwa yu hai. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na saba katika redio yetu ndogo, yenye vyumba viwili na mlingoti mmoja. Alimtangaza babu yangu, akamtangaza mama yangu, na sitashangaa akinitangaza na mimi.

Ukimwona njiani humdhanii. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene kiasi, miguu yake huvimba akisimama sana, mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, umefungwa sawasawa, mwavuli uko kwapani hata siku ya jua kali. Hakuolewa. Akipita sokoni wauza viazi vikuu humwuliza, "Nani leo, Kalo?" naye hujibu, "Subirini saa moja kama wenzenu," na huwa anafurahi sana kujibu hivyo.

Sifa yake kubwa ni kichwa. Anazijua koo za Vava'u nzima: nani kazaliwa na nani, nani kahamia kisiwa gani, nani kakosana na kakake kwa ajili ya shamba. Mtu akimletea tangazo lenye majina ishirini ya wafiwa, yeye husikiliza amefumba macho, kisha husema, "Umemwacha binamu yenu wa Leimatu'a." Na kweli, binamu ameachwa. Tusimsingizie, kazi alikuwa anaiweza. Lakini ndani ya kuiweza kule kulikuwa na kiburi, kiburi cha kimyakimya cha mtu ambaye hajawahi kukosea mbele za watu, na mimi nakiogopa hicho kuliko cha wapiga kelele.

Zamani matangazo yaliletwa kwenye karatasi. Mtu aliandika msiba wake kwa mkono wake, Kalolaine akautundika kwenye msumari ukutani, na saa moja ikifika anachomoa moja moja na kusoma. Kisha akaja Sosefo, meneja kijana mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola, akaleta kompyuta. Karatasi zikapigwa marufuku. Tangu hapo mfiwa anasimama kaunta, anasema, na Kalolaine anaandika moja kwa moja kwenye mashine kwa vidole viwili. Karatasi ya mwisho pale ofisini ilifungiwa mkate.

Mashine yenyewe haikuwa mbaya. Ila kwa wiki tatu ilikuwa na kijidirisha kilichokuwa kikichomoza pembeni mwa kioo kila baada ya muda, kikisema kuna sasisho la usalama la mfumo, je, lisakinishwe sasa au baadaye? Kalolaine alibonyeza "baadaye." Kikirudi, "baadaye." Alikizoea kama mtu anavyozoea nzi mezani, anampunga bila hata kumtazama.

Ijumaa tunayoizungumzia, walikuja watu saba. Watatu walikuwa na vifo, mmoja alikuwa na harusi, mmoja alipoteza nguruwe, mmoja alikuwa wakala wa meli. Na katikati yao, kama saa kumi hivi, akaja Maikolo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na mkeka wa msiba uliochakaa, mkubwa, uliomfunika kuanzia kifuani mpaka magotini, ndio wanaovaa watoto wa marehemu. Alikaa kwanza kwenye benchi la nje akivuta pumzi, kisha akaingia.

"Ni baba, shangazi Kalo," alisema. "Penisimani. Jana jioni, hospitalini."

"Mungu wangu! Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nataka tangazo lisomwe leo, leo hii. Dadake baba yuko kisiwani Niua. Ungatea, unamjua. Ndiye fahu wetu, babu hakuwa na dada kwa hiyo hakuna mwingine. Simu za kule hazishiki, mnara umelala chini tangu ule upepo wa mwezi uliopita. Lakini meli imetia nanga kule, inaondoka kesho alfajiri. Akisikia saa moja, atapanda. Tutamngoja, tutazika Jumatatu."

"Na asiposikia?"

"Meli nyingine ni mwezi ujao. Siwezi kumweka baba mwezi mzima." Maikolo alijifuta uso kwa mkono. "Nani atakaa kichwani pake, shangazi? Nani atagawa mikeka?" Kwetu kazi hizo ni za fahu, dada wa ukoo anayewatangulia wote msibani.

Kalolaine aliinua mkono wake akaupiga kifuani. "Atasikia. Niua nzima nani asiyenisikia mimi? Nenda kawasaidie wenzako kuwasha tanuri. Hili niachie."

Akaanza kuandika. Alipofika kwenye jina la Ungatea kijidirisha kikachomoza, kikafunika herufi zake. "Baadaye," alisema kwa sauti, akakibonyeza, akamaliza. Nyuma ya Maikolo alikuwa amekwisha kusimama mwenye nguruwe aliyepotea, anapumua kwa hasira, na ana mengi ya kusema juu ya jirani yake.

Saa kumi na mbili na robo Sosefo alitoka chumbani kwake.

"Mama Kalo, hivi hujasakinisha lile sasisho? Nimepata barua pepe nyingine kutoka makao makuu, Nuku'alofa. Wanasema mwisho ni leo. Kuna wezi wa mitandaoni, wataingia humu."

"Waingie waibe nini? Nguruwe wa watu?"

"Usinichekeshe, watanikata mimi kichwa. Ni dakika tano tu."

"Si kesho?"

"Wiki tatu unaniambia kesho."

Kalolaine alichukia kuambiwa jambo mara mbili. Alibonyeza "sasa" kwa kidole kilichonyooka, kama mtu anayemtoboa mwenzake jicho. Mashine ikasema inafanya kazi, isizimwe. Ikafika asilimia kumi na mbili. Ikafika thelathini, ikakaa hapo. Sosefo alisimama nyuma yake na ufunguo wa gari mkononi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini kioo kikawa cheusi. Kikawaka tena, cha buluu, na maandishi meupe yaliyotaka waingize ufunguo wa kurejesha, tarakimu arobaini na nane.

"Ufunguo gani huo?" aliuliza Kalolaine.

"Sijui."

"Wewe ndiye meneja."

"Mimi ninao ufunguo wa choo na wa geti, mama. Huo sijawahi kuuona." Alipiga simu Nuku'alofa, fundi alikuwa ameshakwenda nyumbani. Akaizima mashine, akaiwasha. Arobaini na nane zile zile. "Sikiliza, Mama Kalo. Tupige nyimbo. Nitawaambia watu mashine imegoma, wenye matangazo warudi sasa hivi waseme upya. Neiafu si kubwa, watafika kabla ya saa mbili."

Hiyo ingekuwa rahisi, na ingetosha. Ila Kalolaine alimtazama kama kwamba ametukanwa.

"Niwaite wafiwa waache maiti zao, waje kunikumbusha? Mimi? Miaka ishirini na saba, kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu? Weka wimbo. Yote ninayo hapa," akagonga paji la uso.

Saa moja kamili aliingia hewani bila hata kipande cha karatasi. Na alisoma vizuri, jamani. Niliisikia mwenyewe nikiwa jikoni. Hakubabaika. Alitaja marehemu wa Makave, marehemu wa Tu'anekivale, mtoto mchanga wa Pangaimotu, wafiwa wao wote kwa majina. Alitaja harusi. Alitaja nguruwe na rangi ya masikio yake. Mwisho alitaja meli: iko Niua, inaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, wasafiri wafike mapema. Akawatakia wasikilizaji usiku mwema. Alipotoka, Sosefo alimpigia makofi nyuma ya kioo, naye akamwinamia kidogo, kwa madaha.

Alivaa ndala zake mlangoni. Jua lilikuwa limezama, lakini benchi la nje bado lilionekana. Alilitazama tu, kama mtu anavyotazama benchi. Ndipo alipomwona Maikolo amekaa pale na mkeka wake uliochakaa. Hakuwepo, bila shaka, lakini alimwona.

Aliyahesabu matangazo kwa vidole. Sita. Akahesabu tena, yakawa sita.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa moja na dakika ishirini na tano. Redio ingefungwa saa mbili. Ndani, Sosefo alikuwa akipiga nyimbo za kwaya, alichotakiwa kufanya Kalolaine ni kuvua ndala, kufungua mlango, na kusema, "Nimemsahau mmoja, nipe kipaza sauti." Maneno matano tu. Alishika kitasa. Akayasikia yale makofi. Akamsikia Sosefo akisema, kesho na siku zote, kwa sauti ya upole ambayo ingekuwa mbaya kuliko matusi, "Si nilikuambia, Mama Kalo?" Akawasikia wauza viazi vikuu. Uso ukamwaka moto peke yake pale gizani, hakuna hata anayemwona.

Akakiachia kitasa. Alijiambia kwamba kuna matangazo ya asubuhi, saa moja asubuhi, atamsoma wa kwanza kabisa, na hakuna atakayejua. Na meli? Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Dakika kumi tu zilikuwa zimepita tangu aitangaze meli kwa kinywa chake. Alijua inaondoka saa ngapi. Alilijua hilo njia nzima mpaka nyumbani, na alifungua mwavuli wake ingawa mvua haikuwepo.

Jumamosi asubuhi alimtangaza Penisimani wa kwanza kabisa, kwa sauti yake nzuri kuliko zote. Meli ilikuwa imeshakaa baharini saa mbili.

Maikolo alikuja saa tatu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha na kwaya.

"Shangazi, jana tulikuwa kwenye sala, redio tuliizima. Leo watu wananiambia wamesikia asubuhi. Jioni mliisoma?"

Kalolaine alifungua mdomo. Nasema alifungua, na ninaamini angesema. Lakini Sosefo alikuwa ameshatoka chumbani kwake na mikono juu.

"Mashine, ndugu yangu! Tusamehe. Lile sasisho la usalama, wametulazimisha, limekula kila kitu. Mpaka sasa haifunguki, njoo uone mwenyewe. Mama Kalo kajitahidi kusoma kwa kichwa, binadamu gani angeweza? La baba yako ndilo lililomezwa. Mashine!"

Maikolo alimtazama Kalolaine. "Ni mashine, shangazi?"

"Mashine," alisema Kalolaine.

Neno moja tu. Na Maikolo, yatima wa siku mbili, akanyoosha mkono juu ya kaunta akamshika bega. "Pole, shangazi. Najua ilivyokutesa. Usijilaumu." Akaenda kuzika bila fahu.

Jumatatu Kalolaine alikwenda mazikoni, angekosaje? Hakuingia ndani. Alikaa nyuma na wapishi akimenya viazi vikuu, mpaka mmoja akamwambia, "Kalo, utatumenyea na vidole." Kupitia dirishani aliona mahali pa kichwani pa marehemu. Walikuwa wamemkalisha mjukuu wa Ungatea, msichana wa miaka kumi na tisa anayesoma chuo hapa mjini, kwa kuwa damu ya bibi yake ndiyo iliyokuwa karibu. Maskini hakujua afanye nini. Kila mkeka ulioletwa aliutazama kama mtihani, akawageukia akina mama kuuliza, nao wakamnong'oneza. Alilia muda wote, na si kwa ajili ya babu tu.

Jumanne fundi wa Nuku'alofa aliupata ule ufunguo kwenye daftari lake. Aliusoma kwa simu, tarakimu kwa tarakimu, Sosefo akizirudia kwa sauti na Kalolaine akibonyeza. Walikosea mara mbili. Mara ya tatu mashine ikafunguka kama vile haikuwahi kuwa na ubishi. Printa ilikataa kufanya kazi na saa ilikuwa nyuma kwa siku mbili, lakini matangazo yalikuwepo yote saba. Penisimani alikuwa wa nne, jina lake limeandikwa sawasawa, wafiwa wake wote, na Ungatea wa Niua kwenye mstari wake. Mashine ilikuwa haijamsahau mtu.

"Aa, kumbe yamo!" alisema Sosefo. "Haya, futa, tuendelee."

Kalolaine hakufuta. Alikaa akiyatazama mpaka kioo kilipojizima chenyewe.

Kilichomtesa zaidi ni wema wa watu. Sisi wa Neiafu tukimpenda mtu hatumwachi apumue. Kanisani mchungaji aliomba dua dhidi ya mitambo isiyo na huruma, akamtaja Kalolaine kwa jina. Wanawake wa kwaya walimletea majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, mikate miwili, na nguruwe mdogo aliyechomwa mzima. Sokoni mashine ikawa mzaha wa mji. Mtu akichelewa kazini, "Nilikuwa najisasisha." Mume akisahau kununua sukari, mkewe anamwambia, "Umefika asilimia thelathini?" Na kila mzaha ulimalizikia kwa Kalolaine: "Pole, Kalo. Miaka yote hiyo, halafu bati lile likakuaibishe!" Alipokea nguruwe. Alisema asante. Usiku huo hakula. Aliwapa majirani, nao wakasema, tazama moyo wake.

Akaanza kuwaogopa watu waliompenda. Akabadilisha njia ya kwenda kazini, akapita nyuma ya bohari ambako kuna matope. Sauti yake hewani ikawa ndogo, na Sosefo akadhani ni kipaza sauti.

Mwezi ulipita, meli ikaja, na Ungatea akashuka. Kalolaine alimpa siku mbili za kupumzika. Au tuseme alijipa mwenyewe. Siku ya tatu, mchana, alivaa mkeka wake wa msiba akaenda kwa Maikolo.

Bibi kizee alikuwa amekaa sakafuni juu ya mikeka, mgongo ukutani, miguu ameikunja, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kwa ajili ya msiba. Kalolaine aliingia ameinama, akakaa mbali karibu na mlango. Maikolo akaleta chai na mkate.

"Maikolo, nenda kaninunulie siagi," alisema Ungatea.

"Siagi ipo, shangazi."

"Nataka nyingine." Maikolo akaenda. Bibi akamgeukia mgeni. "Wewe ndiye Kalolaine? Nilidhani u mrefu. Redioni u mrefu."

Kalolaine alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Bibi, nimekuja kwa ajili ya ile Ijumaa."

"Mashine. Nimeshaambiwa. Nilipotia mguu gatini tu, hata mzigo sijashusha, wakaniambia mashine. Mbona unahangaika, mwanangu? Kunywa chai."

"Si mashine, bibi."

Ungatea alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata.

"Mashine iliharibika, hilo ni kweli. Lakini meneja alitaka kuwaita watu waseme upya, nikakataa. Nikajitia kujua. Nikasoma kwa kichwa, nikamsahau kaka yako." Angeweza kuishia hapo. Ilikuwa nusu ya kweli, nusu yenye heshima, na nusu hiyo watu husamehewa. "Halafu nikamkumbuka. Saa moja na dakika ishirini na tano. Redio bado iko hewani. Nilishika kitasa, bibi. Nikaona aibu kurudi. Nikaenda zangu nyumbani."

Kisu kikasimama.

"Saa moja na dakika ishirini na tano," alisema Ungatea taratibu. "Nilikuwa naosha kikombe. Redio iko dirishani. Ulisoma matangazo sita, mimi huyahesabu kwa vidole kila jioni, kwa umri wangu lazima mtu ahesabu. Ulipomaliza nikamwambia jirani, namshukuru Mungu, leo wa kwetu wote wazima. Nikasikiliza nyimbo mpaka mwisho. Nikalala." Aliweka kisu chini. "Nililala vizuri sana, mwanangu. Hata mgongo haukuniuma. Alfajiri nikatoka mlangoni, nikaiona meli inaondoka. Kutoka kwangu mpaka gatini huwezi hata kumaliza sala. Nikaipungia mkono."

Kalolaine alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alitamani bibi apige kelele. Hakupiga.

"Kaka yangu alipofikisha miaka kumi na miwili walimtoa akalale nyumba ya wavulana. Tangu siku hiyo mimi na Penisimani hatukukaa chumba kimoja. Nikiingia, anatoka. Nikicheka, anageuka. Ndiyo heshima yetu ya kaka na dada, nami silalamiki, alinipa heshima yangu yote. Lakini dada anajua iko siku moja atakaa karibu naye, amshike kichwa. Miaka sitini na nane niliingoja siku hiyo bila kuiombea ije. Ilipokuja niliisikia kwenye redio, asubuhi, imeshaondoka."

"Bibi, jioni hii nitasema. Nitasema redioni, kila mtu asikie. Nimeshaandika maneno."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Ukisema, utalia?"

Kalolaine aligusa mkanda wa mkeka wake, ilimokuwa karatasi.

"Utalia. Na sauti yako hiyo! Visiwa vyote vitalia na wewe. Kesho wanakuletea nguruwe mwingine. Watasema, mama huyu ana moyo gani, amekiri mbele za watu. Maikolo atakuja kukushika bega. Mwezi ujao utakuwa umepona." Ungatea alitikisa kichwa. "Hapana. Sitaki."

"Siwezi kuendelea kupokea pole zao, bibi. Zinaniua."

"Ndiyo maana." Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, na macho yake hayakuwa na ukali, yalikuwa yamechoka tu. "Mimi ni fahu wa nyumba hii. Nikisema mkeka uende kwa fulani, unakwenda, na Maikolo hana neno. Sikupata kugawa mikeka. Basi ninagawa hili. Usimwambie mtu. Waache waseme mashine. Wewe kaa nayo."

Maikolo alirudi na siagi. Alimkuta Kalolaine anainuka kwa shida, macho yamevimba, akamshika mkono amsaidie. "Pole, shangazi," alisema. "Bado unaliwaza tu jambo lile?"

Saa kumi na moja jioni alikuwa kaunta. Watu wanne walikuwa wanangoja, na wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Leimatu'a, mchangamfu hata na msiba wake, amefiwa na mama wa miaka tisini na sita. Aliegemea kaunta, akaikodolea macho kompyuta.

"Hebu niambie kwanza, Mama Kalo. Hilo bati lako leo limeshiba? Lisije likamla na mama yangu."

Benchi zima likacheka. Kalolaine aliviweka vidole vyake viwili juu ya vitufe, na karatasi yenye yale maneno aliyoyaandika ilikuwa bado imekunjwa ndani ya mkanda wa mkeka wake.

"Limeshiba," alisema.

Wakacheka tena, kisha kila mmoja kwa zamu akampa pole.